Kuacha sigara kuanzia Magharibi: namna ya kuirudishia kinga ya mwili nguvu zake

Mvutaji wa Lamu anayefunga Ramadhani huwa ameshamaliza kazi ngumu kuliko zote kabla adhana ya Magharibi haijasikika. Hapa kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hivyo saumu huwa ya saa 13 na ushei mwaka nenda mwaka rudi, na muda huo unatosha nikotini kutoka damuni, kwa kuwa kila baada ya saa 2 hivi nusu yake huondoka. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya moshi inayoikalia oksijeni nafasi yake ndani ya damu, nayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 4 hadi 6. Jua linapotua, mwili umeshalipa: kichwa kimeuma, hasira zimepanda, vidole vimetafuta cha kushika. Kisha tende tatu, maji, kahawa, na sigara. Kila kitu kinaanza upya, na kesho mateso ni yale yale. Mtu huyapitia siku 29 au 30 na asivune lolote, na kwa kweli inasikitisha, maana angeiruka sigara hiyo moja ya baada ya futari angekuwa amevuka sehemu nzito.

Yanayofuata ni maelezo ya kuiruka sigara hiyo, na ya kinachoendelea ndani ya kinga ya mwili ukivuta na ukiacha. Usiyefunga, au unayesoma haya mwezi mwingine, chagua siku yako na uiite siku ya kwanza. Mengine yote ni mamoja.

Moshi unaifanya nini kinga

Watu husema sigara "inashusha kinga". Huo ni nusu ya ukweli. Sigara huichokoza kinga ifanye kazi pasipo haja, kisha huidumaza pale inapohitajika. Ukimpima damu mvutaji mzima asiye na ugonjwa wowote, mara nyingi utakuta chembe nyeupe ziko juu kuliko za asiyevuta. Mwili uko kwenye uvimbe wa ndani usioisha, mchana na usiku, kwa sababu moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000 na haupumzishi kitu.

Anza na njia za hewa. Zimetandikwa vinyweleo visivyoonekana kwa jicho, vinavyopiga kwa pamoja kuelekea juu na kuisukuma balghamu hadi kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonasa ndani yake. Ni ufagio usiolala. Moshi huvizubaisha vinyweleo hivyo, na kwa aliyevuta miaka mingi sehemu kubwa huwa vimekufa. Wakati huo huo tezi za balghamu huongeza kazi. Balghamu inakuwa nyingi na nzito, na wa kuisukuma hayupo. Kile kikohozi cha alfajiri, kabla mtu hajatia udhu, ni kifua kinachojaribu kwa nguvu kuifanya kazi ambayo vinyweleo vingeifanya kimya kimya usiku kucha.

Chini zaidi, kwenye vifuko vya hewa, kuna seli kubwa zinazomeza vijidudu. Huitwa makrofaji. Mvutaji anazo nyingi zaidi, mara kadhaa kuliko asiyevuta, lakini zimejaa chembe za masizi na zinameza vibaya. Tena, kwa kuwa zinachokozwa kila saa, zinamwaga vimeng'enya vinavyozila kuta za vifuko vyenyewe. Kuta zikishaisha hazirudi kujengwa. Ndiyo asili ya mzee anayehema akipanda ngazi za nyumba yake mwenyewe.

Kifua kikuu kinaingilia hapo hapo. Bakteria wa TB hukaa ndani ya makrofaji, na makrofaji iliyochoka haiwezi kumdhibiti. Mvutaji ana hatari ya takriban mara 2 ya kuugua TB, na akiugua, uwezekano wa kurudiwa na ugonjwa au kufa ni mkubwa zaidi. Homa ya mapafu na mafua makali humpata kwa njia hiyo hiyo. Anayeishi na virusi vya Ukimwi akavuta anajiongezea hatari hizo juu ya aliyo nayo, hata kama dawa zake anameza sawasawa.

Kingamwili za damu nazo huguswa. Zile za kawaida za kupambana na maambukizi hupungua, na zile za mzio hupanda, jambo linalowaumiza wenye pumu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huwajengea wavutaji kinga hafifu kuliko wengine. Na kuna upande mwingine usiosemwa sana: kinga iliyochokozwa inaweza kuugeukia mwili. Baridi yabisi ya viungo, ile inayovimbisha vifundo vya vidole vya mikono yote miwili na kuvikaza asubuhi, huwapata zaidi wavutaji, kwa kuwa moshi hubadilisha umbo la protini za mapafuni hadi kinga ikazidhania ngeni na kuzitengenezea kingamwili. Mvutaji aliye na ugonjwa huo husaidiwa kidogo na dawa zake.

Ufizi unadanganya. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kwa hivyo ufizi wa mvutaji hautoki damu sana hata ukiwa umeoza chini, na mwenyewe huja kushtuka meno yanapoanza kucheza. Vidonda vya ngozi vivyo hivyo: mguu uliokatwa na tumbawe, au mkono uliochomwa na mwiba wa samaki, hupona polepole kwa sababu damu na oksijeni hazifiki inavyotakiwa. Kama umepangiwa upasuaji, acha angalau wiki 4 kabla, na mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa ukivuta.

Sasa habari njema, na ina mpaka wake. Mwaka 2024 watafiti wa Institut Pasteur ya Paris walichapisha matokeo ya vipimo vya watu 1,000 wenye afya. Ile kinga ya kuzaliwa, inayojibu haraka kwa uvimbe, ilikuwa imepandishwa na sigara, na kwa walioacha ilishuka upesi. Ile kinga ya kumbukumbu, inayojifunza kutokana na maradhi na chanjo, ilibaki na alama za sigara miaka 10 hadi 15 baada ya kuacha, na kadiri mtu alivyokuwa amevuta kwa wingi na kwa muda mrefu ndivyo alama zilivyokuwa nzito. Maana yake kwa kijana wa miaka 22 anayesema ataacha akishaoa ni kwamba kila mwaka anaouongeza unaandikwa mahali ambapo haufutiki haraka.

Wiki moja kabla

Jipime utegemezi wako kwa swali moja: sigara ya kwanza unaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka? Ikiwa ni ndani ya dakika 30, nikotini imekukamata sana na utahitaji msaada wa dawa. Usijaribu kwa kiburi. Ikiwa ni baada ya hapo, huenda bazoka ya nikotini peke yake ikatosha.

Hesabu kwa siku mbili sigara zote, zikiwemo za kuombana. Hapa mjini wengi hununua moja moja, ingawa sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuuza chini ya vijiti 10, na anayenunua moja moja huwa hajui anavuta ngapi. Andika na mahali: baada ya chakula, barazani, kwenye jahazi usiku, ukingojea boti ya Mokowe. Sigara mbili au tatu katika orodha hiyo ndizo zitakazokupiga vita. Zijue mapema.

Usijidanganye kwa "moja mbili tu". Anayevuta sigara 1 kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo ya anayevuta 20. Wala kuhamia shisha, kuberi, ugoro au tambuu yenye tumbaku si kuacha. Maji ya shisha hayachuji kaboni monoksaidi, na tumbaku ya kutafuna inakuachia utegemezi ule ule pamoja na hatari ya saratani ya kinywa.

Kupunguza kidogo kidogo au kukata ghafla? Tunaunga mkono kukata ghafla kwa siku iliyopangwa. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2016, la watu 697, lilionyesha kwamba baada ya wiki 4, 49 katika kila 100 waliokata ghafla walikuwa bado hawavuti, ilhali waliopunguza polepole walikuwa 39. Mwenye kufunga tayari hukata ghafla kila alfajiri, kwa hivyo si jambo geni kwake.

Dawa, na makosa yake

Bazoka ya nikotini ipo ya miligramu 2 na ya miligramu 4. Wa sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 achukue ya 4. Mwingine ya 2. Wengi huiona haifai kwa sababu huitafuna kama bazoka ya watoto. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali kama wa pilipili manga, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, kama dakika 1, itafune tena kidogo, ihamishe upande wa pili. Endelea hivyo kwa dakika 30. Ukiitafuna mfululizo nikotini inamezwa na mate, inakwenda tumboni ambako haina faida, nawe unapata kwikwi, kichefuchefu na kiungulia.

Kitu kingine kinachoiharibu ni uchachu. Kahawa, soda, maji ya ukwaju au ya ndimu yakiwa bado mdomoni huzuia nikotini kupenya shavuni. Acha dakika 15 kati ya kinywaji na bazoka. Wakati wa futari hili ni jambo kubwa, kwa sababu meza nzima ni ukwaju, ndimu na kahawa. Futuru, suuza kinywa kwa maji, swali Magharibi, ndipo uiweke bazoka mdomoni. Kisha moja kila saa 1 hadi 2 uwapo macho, mpaka karibu na daku. Mpango huo uende wiki 6, halafu uzipunguze pole pole hadi wiki ya 12.

Plasta ya nikotini ni kwa mwenye utegemezi mzito. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Ibandike juu ya mkono au kifuani, pasipo nywele, ngozi ikiwa kavu kabisa na haijapakwa mafuta, uikandamize kwa kiganja sekunde 10. Joto letu na jasho huibandua. Bandika baada ya kuoga na kupoa, si baada ya kutoka juani. Kila siku sehemu tofauti, la sivyo ngozi itawasha. Ukiota ndoto za kutisha, iondoe kabla ya kulala. Ukiibandua ikunje ijibandike yenyewe kwa yenyewe na uitupe mbali na watoto, kwani nikotini iliyobaki ni sumu kwao. Plasta na bazoka pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Kuhusu kuvaa plasta mchana wa saumu, muulize shehe unayemwamini kabla mwezi haujaandama, usije ukaibandua katikati kwa shaka.

Vidonge vya bupropioni na varenikilini vinaandikwa na daktari, na huanzwa wiki 1 hadi 2 kabla ya siku ya kuacha. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Mjamzito, na aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, wasijinunulie chochote kabla ya kuonana na daktari. Mahali pa kuanzia ni zahanati yako, au Hospitali ya King Fahd hapa Lamu. Simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na haitozwi.

Siku tatu za kwanza

Kilele cha mateso ni siku ya 2 na ya 3. Baada ya hapo hushuka, na kufikia wiki ya 4 wengi huwa wamepumua. Hamu yenyewe ikija haikai: dakika 3 hadi 5, kisha inapita uvute usivute. Kwa hivyo huhitaji ushujaa wa siku nzima. Unahitaji cha kufanya kwa dakika 5. Msuaki ndio tunaoupendelea kuliko vyote. Unashikwa kwa vidole vile vile, unakaa kinywani, unaruhusiwa mchana wa saumu, na unasafisha ufizi ambao moshi umeutesa. Usiku ongeza kijiti cha mdalasini, iliki au ubuyu.

Kahawa inahitaji uangalifu ambao watu wengi hawauambiwi. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuivunja kafeini. Ukiacha, kasi hiyo inashuka ndani ya siku chache, na vikombe vile vile ulivyozoea vinakaa damuni muda mrefu zaidi. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hauji, na mtu anasema "ni sigara hiyo, bora nivute". Si sigara, ni kahawa. Ipunguze kwa nusu tangu siku ya kwanza: ulikuwa unakunywa vikombe sita vya kahawa chungu baada ya tarawehe, kunywa vitatu. Ini hilo hilo huvunja baadhi ya dawa, kama theofilini ya pumu, na sukari ya mwenye kisukari pia inaweza kubadilika. Mwenye dawa hizo amwambie daktari kwamba ameacha ili kipimo kiangaliwe.

Muguka na miraa ndiyo mitego mikubwa ya pwani. Watafunaji wengi watakuambia kwamba jani bila sigara halipandi. Basi usijaribu kuvitenganisha wiki za mwanzo. Viache vyote viwili kwa wiki 4. Baraza la watafunaji lisalimie ukipita, usiketi. Waambie wenzako bayana kwamba umeacha na wasikupe hata ukiomba, kwani rafiki asiyejua atakukaribisha kwa wema.

Mdomoni vitaota vidonda kwa wengine katika wiki 2 za mwanzo. Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, mara 3 kila usiku. Choo kikikaza, papai na maji usiku. Uzito huongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Punguza kaimati, usirudie sigara kwa ajili ya hilo.

Kikohozi kinachozidi

Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Wiki chache baada ya kuacha, vinyweleo huanza kuota na kupiga tena, vinapandisha balghamu ya zamani, na mtu anakohoa kuliko alipokuwa akivuta. Anaamini sigara ilikuwa ikimsaidia. Kikohozi cha kupona huleta makohozi yanayozidi kuwa mepesi, hakina homa, na kati ya mwezi wa 1 na wa 9 hupungua pamoja na kuhema. Kikohozi kingine ni chenye damu, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda. Hicho, au chochote kinachopita wiki 2 na huna hakika nacho, peleka makohozi yakapimwe TB; katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure.

Usinunue vidonge vya "kusafisha mapafu". Habasoda, asali na tangawizi ni chakula kizuri na havina uwezo wa kung'oa lami ya moshi iliyoganda mapafuni. Vidonge vya beta-karotini ni hatari kabisa: jaribio la Ufini lililowahusisha wanaume wavutaji 29,133, likachapishwa 1994, liliona saratani ya mapafu imeongezeka kwa waliovimeza. Kinachofaa ni vitamini C ya matunda. Mvutaji anahitaji miligramu 35 zaidi kwa siku kuliko wengine, na chungwa moja la wastani lina takriban 70.

Ndani ya nyumba, asiruhusiwe yeyote kuvuta, hata ukumbini au darini. Kuta nene na vyumba vya ndani vya nyumba zetu hushika moshi, na watoto wanaouvuta huugua masikio, homa ya mapafu na pumu mara nyingi zaidi. Udi pia upunguze kwa wiki za mwanzo kama kifua kinawasha.

Idd, na ukiteleza

Aliyemaliza mwezi huwa salama zaidi, ila siku ya Idd ina wageni, kahawa ya kila nyumba na mchana mtupu wa kwanza bila saumu. Toka na bazoka sita mfukoni na msuaki mpya. Usiache plasta siku hiyo kwa kuwa Ramadhani imekwisha; wiki 4 ni katikati tu ya matibabu.

Ukivuta moja, zima hapo ulipo, na kilichobaki kitumbukize majini. Plasta iendelee, bazoka iendelee, siku haianzi kuhesabiwa upya. Andika ilitokea wapi na ulikuwa na nani. Ikitokea siku mbili mfululizo, tatizo mara nyingi ni kipimo kidogo cha nikotini: rudi kwa mhudumu wa afya wiki hiyo hiyo aongeze bazoka juu ya plasta au akubadilishie dawa.